Gari Lenye Shetri

Mjomba wangu bado ameiweka ile picha kwenye simu yake, pale ambapo kila mwenye namba yake anaiona. Gari liko uani kwa bibi, chini ya banda la makuti, naye ameegemea boneti kwa kiwiko kama mtu aliyezaliwa nalo. Chini ya picha ameandika maneno mawili: Urithi wetu.

Nimejaribu kumjibu. Naandika, nasoma, nafuta. Nawaza, je, akimwonyesha mama? Je, nianze na shikamoo au niingie moja kwa moja? Nikianza na shikamoo halafu nikamtukana, si ndiyo mbaya zaidi? Naandika tena, nafuta tena. Nimefuta maneno makali mengi kiasi kwamba siku hizi nikigusa herufi moja tu simu inanimalizia tusi. Basi acha niandike hapa, ambako hakuna wa kunikatiza wala wa kuniambia nipunguze sauti.

Gari lenyewe ni la Kiingereza, la pua ndefu na taa za mviringo, la enzi ambazo bibi alikuwa bado msichana wa chuoni, ana juzuu mkononi. Lilikuwa la meneja wa shamba kubwa la minazi, na babu yangu ndiye aliyekuwa dereva wake. Meneja alipoondoka kisiwani kwetu Mafia alimwachia babu, kwa sababu nusu ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu na hakuna mwingine aliyelitaka. Babu alilitaka. Alikuwa pia anamtaka bibi yangu, binti wa fundi wa vyombo kule kisiwa cha Juani, na hakuwa na kitu kingine cha maana cha kumtolea mahari. Akapeleka habari kwamba mahari yake ni gari.

Baba yake bibi alivuka hadi Kilindoni kulitazama. Hadithi hii nimeisikia kwa bibi tangu utotoni, na kila mara huigiza sauti ya baba yake, nzito, ya puani. Mzee alilizunguka gari, akabonyeza bati la nyuma kwa kidole, kidole kikatokea upande wa pili.

“Hii ni mahari au dema la kuvulia samaki?”

“Mbele ni zima, mzee wangu,” babu akajibu.

“Binti yangu ataolewa mbele tu?”

Hakukataa, lakini. Alifanya jambo ambalo mpaka leo linasimuliwa kwa kicheko: alimtengenezea binti yake nusu ya mahari yake mwenyewe. Wakati huo alikuwa anaunda jahazi la tajiri mmoja, na mbao za mvule zilikuwepo. Alikata bati lote bovu kuanzia nyuma ya viti vya mbele, akasimamisha mataruma, yaani mbavu kama za chombo, akazipigilia mbao, akakalafati nafasi zote kwa pamba na mafuta. Mwisho akaweka shetri, ile sehemu ya nyuma ya chombo iliyoinuka anapokaa nahodha, akaichonga maua pembeni. Jahazi la tajiri likatoka fupi. Yule bwana alilalamika mpaka anaingia kaburini, na kila gari lilipompita njiani alisema, “Hao wanakwenda na ubavu wangu.”

Shetri ilipakwa rangi ya kijani na mstari mweupe, na kwa nyuma yakaandikwa maneno SINA HARAKA, maana mbao zilikuwa nzito na babu alikuwa hawezi kulikimbiza hata angetaka. Kwa miaka mingi maharusi wa Kilindoni waliligombania. Bibi harusi alipandishwa kwa ngazi ndogo ya nyuma, akakaa juu kule na somo wake, yule mama aliyemfunda, gari likazungushwa mji mzima kwa mwendo wa mtu anayetembea ili asiwepo wa kusema hakuona. Kabla ya safari walifukiza udi kuzima harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo. Haikuzimika. Mama anasema mpaka leo akinusa udi husubiri papa afuate.

Baba yake bibi aliunda vyombo vingi sana. Vyote vimezama, vimeoza, au vimevunjwa vikawa kuni. “Kimebaki hiki,” bibi huniambia akipiga ubao kwa kiganja, “kwa sababu hakikwenda baharini.” Hakuna kingine chochote duniani kilichobaki kutoka mikononi mwa baba yake. Mjomba wangu aliisikia sentensi hiyo tangu yuko mgongoni, na haikumwingia.

Mimi nilirudi Mafia na shahada ya mambo ya kale na bila kazi. Nasema hivyo mapema kwa sababu mjomba aliitumia shahada ile kunipiga nayo. Yeye ana biashara Dar es Salaam, na siku hizi amepata marafiki wanaopenda magari ya zamani. Wanayapanga uwanjani, wanavaa kofia za namna moja, watu wanakuja kupiga picha. Yeye alikuwa na kofia. Gari hakuwa nalo.

Alikuja Idd. Tukiwa tunakula pilau akasema, “Mama, nataka kulifufua gari la marehemu baba.”

“La marehemu lipi?” bibi akauliza. “Marehemu hakuacha gari. Gari ni langu.”

“Haya, la mama,” mjomba akacheka, na wote wakacheka naye. Mahari ya bibi ilikuwa mzaha wa familia, kitu cha kuchangamshia sinia. Mimi sikucheka.

“Kulifufua vipi, mjomba?”

“Kulirudisha kwenye asili yake. Kama lilivyotoka kiwandani.”

“Na mbao?”

“Mbao si asili, msomi. Wewe si umesomea magofu? Ukikuta gofu, mtu kajenga banda la kuku juu yake, unafanyaje? Unaondoa banda.”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu zuri sana, kwamba hata kwenye magofu ya Kua kule Juani kuna kuta zilizojengwa juu ya kuta, na hakuna mwenye akili anayebomoa za juu ili aonekane kuzijua za chini. Lilinijia siku iliyofuata nikiwa nafua.

Bibi hakusubiri kesho. “Hilo banda la kuku kalijenga babu yako,” alimwambia, akiendelea kuchambua mifupa ya nyama. “Na wewe siku uliyotoka kutahiriwa ulirudishwa nyumbani ndani yake, unawika kama jogoo.”

Sinia zima lilitikisika kwa kicheko. Mjomba peke yake ndiye aliyekuwa anaangalia pilau.

Baada ya muda akamtuma fundi wake kutoka Dar, kijana mwenye adabu, wala sina ugomvi naye mkubwa. Alitandika boksi, akaingia chini ya gari, akakaa huko kitambo. Vipande vya kutu vikawa vinadondoka kama maganda ya mkate. Alipotoka alimwamkia bibi upya, kama mtu anayeanza mazungumzo mengine.

“Shikamoo, bibi. Samahani, hili gari limewahi kuzama?”

“Marahaba. Halijazama hata siku moja.”

“Mbona chasi imeliwa na chumvi hivi?”

“Ah,” bibi akasema kwa fahari, “hiyo ni kwa kuwa tulilitunza.”

Na ni kweli, tulilitunza. Kila mtu wa vyombo anajua kwamba ubao haulindwi na kivuli. Maji ya mvua huuozesha, jua huupasua, lakini maji ya bahari huukaza. Basi kila kiangazi mbao za gari zilipoanza kuachana, babu alilishusha ufukweni maji yakiwa machache, akaliacha lisimame mpaka mbao zinywe na zivimbe, nafasi zijifunge. Baada ya babu kufariki, watoto tulibebeshwa ndoo, tukalimwagia uani. Nilimwaga mimi, mama alimwaga, mjomba mwenyewe alimwaga. Matokeo yake mvule umekaa kama umepasuliwa jana, na chuma kimekuwa biskuti. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo watu waliliua gari kwa mapenzi ya namna hii.

Mjomba alipopigiwa simu na kuelezwa, alishangilia. “Mnaona? Mbao ndizo zilizoliua!”

Nililiwaza jambo hilo kwa siku nyingi, nikilala nalo na kuamka nalo. Kilichooza ni kile anachokiita asili. Kilicho kizima ni kile anachokiita banda la kuku. Mtu gani huingia kwenye nyumba, akatupa kilicho kizima ili apate nafasi ya kutengeneza kilichooza? Lakini nilijiambia pia kwamba labda mimi ndiye nisiyeelewa, kwamba chasi lazima ibadilishwe na haiwezi kubadilishwa mbao zikiwa juu yake. Hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana bibi alikubali, kwa sharti moja, na alilisema kwenye simu, kipaza sauti kikiwa wazi, mimi nimekaa pembeni yake.

“Chuma badilisha utakavyo. Mbao zitolewe moja moja, mimi nipo natazama. Zitunzwe, zirudishwe. Zisiporudi, gari halitoki uani kwangu.”

“Sawa, mama. Neno lako.”

Niliziwekea mbao zote alama za chaki, kama tunavyofanya na mawe ya ukuta kabla ya kuugusa. Nikamtumia mjomba ujumbe mrefu wa kumkumbusha sharti, wenye heshima kila mstari. Alinijibu kwa kidole gumba.

Kisha tukapata hitima ya jamaa yetu kule Utende. Bibi alikuwa lazima aende, nami nilikuwa lazima niende na bibi kwa ajili ya magoti yake. Tulilala huko. Tuliporudi kesho yake, banda lilikuwa tupu. Palikuwa na vumbi la mbao, vipande vya mataruma yaliyokatwa, na harufu ya sifa imejaa ua mzima, harufu ya zamani iliyokuwa imefungiwa ndani ya mbao miaka yote hiyo, ikatoka kwa mara moja.

Jirani yetu alikuja ameshika mwiko. “Kwani hamkujua? Mjomba wako kashuka na ndege asubuhi. Wamelisukuma mpaka ufukweni, linapakiwa leo. Walipiga shoka, mwanangu, mimi nikajua mmekubaliana!”

Nilianza kusema maneno ambayo sikuwa nimeyapanga, na mimi hupanga hata salamu. Bibi akaniambia, “Tafuta bajaji.”

Maji yalikuwa yametoka mbali, siku za bamvua, na chombo cha mizigo kilikuwa kimekaa juu ya mchanga, kimeegemezwa magogo. Gari lilikuwa limeelekezwa pua kwenye ubavu wake uliofunguliwa. Mbele lilikuwa lilelile, taa zake za mviringo zinang'aa, wamelipiga hadi nta. Nyuma hapakuwa na kitu. Vyuma viwili vyekundu kwa kutu, na matairi.

Halafu nikaona lilikuwa limesimama juu ya nini. Kutoka mchangani hadi kwenye chombo walikuwa wametandika njia ya kulipandishia, na njia ile ilikuwa mbao zetu. Chaki yangu ilikuwa bado inaonekana. Chini ya tairi la mbele niliweza kusoma HARAKA. Yale maua yaliyochongwa yalikuwa yameelekezwa juu, yana mchanga na alama ya tairi.

“Mama!” mjomba akaita, amevaa kofia yake. “Umekuja kuliaga?”

“Nimekuja kutazama unachokikanyaga,” bibi akasema.

“Mjomba, uliahidi!” Nilisikia sauti yangu inapasuka. “Uliahidi moja moja!”

“Msomi, usinipandishie sauti mbele za watu. Zimetoka moja moja. Shoka halikati mbili kwa pamoja.”

Baadhi ya wapakiaji walicheka. Nawajua, tulisoma pamoja darasa la saba. Nikawageukia nao. Nikamwita mjomba mwongo, nikamwita mwizi, nikamwambia kwamba kofia ile haimpi akili. Nilikuwa nalia huku natukana, na nilijiona, na sikuweza kuacha. Hasira ilikuwa kama kutapika.

Nahodha wa chombo alishuka akifuta mikono kwenye msuli. Hakunitazama mimi.

“Shikamoo, bi mkubwa. Mzigo huu wa nani?”

“Marahaba. Wangu. Ni mahari yangu.”

Safari hii hakuna aliyecheka.

“Umeridhia uende?”

“Sikuridhia.”

Nahodha akamgeukia mjomba. “Mkubwa, mimi huu sipakii.”

“Si tumeshakubaliana?”

“Tulikubaliana gari. Hatukukubaliana chozi la mama yako. Mali ya mtu asiyeridhia ikiingia chomboni si shehena tena, ni tundu. Nina watu humu.”

“Mtu mzima unaamini mambo hayo?”

“Wewe kaa hapa utazame maji,” nahodha akasema, “halafu uniambie unaamini nini.”

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Bamvua ikirudi hairudi kwa adabu; dakika hii unauona mchanga, dakika ile unaona kioo. Gari lilikuwa nusu ya njia, magurudumu ya mbele juu ya mbao, ya nyuma yanakaribia. Wapakiaji wakawa wanamtazama mjomba, wanamtazama bibi.

“Sukumeni mbele!” mjomba akapiga kelele. “Likirudi nyuma litazama mchangani! Maonyesho ya magari yamekaribia!”

“Kwanza mbao,” bibi akasema.

“Mama, mbao ni mbao!”

Bibi akavua makubazi yake, akanipa niyashike. Akaenda kwa magoti yake yale mabovu mpaka kwenye ncha ya ubao wa mbele, karibu na chombo, akajikunja taratibu, akakaa. Alikaa kama anavyokaa barazani, buibui limekusanywa mapajani. Gari lilikuwa linamtazama kwa taa zake mbili.

Wapakiaji wakalirudisha nyuma. Lilishuka kwenye mbao na kuingia mchangani kwa sauti ya mtu anayekaa kwenye kiti kilicholowa, likazama mpaka katikati ya magurudumu. Mjomba alishika usukani kupitia dirishani, akawa anavuta, viatu vimejaa maji, anamwita kila mtu kwa jina. Wawili watatu walimsaidia kwa huruma. Sisi wengine tulikuwa tunatoa mbao. Nyingine zilikuwa zimepasuka kwa shoka, nyingine kwa uzito wa gari. Nilibeba ule wenye maua peke yangu, ingawa ulinishinda nguvu. Nilipofika juu nikageuka, nikaona maji yameingia ndani ya gari hadi kwenye viti.

Nilifurahi. Palepale nikaanza kujiuliza kama ni dhambi kufurahi, lile ni gari la babu yangu vilevile, na yule ni ndugu wa mama yangu. Lakini nilifurahi, na leo nikikumbuka nafurahi kidogo tena.

Trekta ililivuta mpaka uani kwa bibi maji yalipotoka. Mjomba alirudi Dar na ndege, hakuaga. Baadaye ukoo ulikaa. Wazee wakazungumza kwa upole sana, wakasema damu haikatwi kwa kisu, wakasema msichana aliyesoma anapaswa kuwa mfano, wakanitaka nimwombe mjomba radhi kwa kumpandishia sauti mbele za watu. Nimeomba. Nilimpigia simu, nikasema maneno yote kama nilivyopangiwa. Akajibu, “Yameisha, msomi. Una hasira za karibu.” Hakuna hata mmoja katika kikao kile aliyemtaka yeye amwombe radhi bibi. Nilingoja. Nilingoja mpaka kahawa inamalizika, nikidhani labda wanaliacha mwisho kwa kuwa ndilo kubwa. Wakasoma dua, wakavaa viatu.

Ndiyo sababu siwezi kuitazama ile picha. Katika picha mbao bado ziko nyuma yake, kijani na mstari mweupe, na yeye anaziita urithi.

Mbao zenyewe tumezipanga chini ya banda. Chaki yangu ilifutika majini, kwa hiyo ninazirudisha kwenye mpangilio kwa matundu ya misumari, kila tundu na mwenzake kwenye mataruma, kama nilivyofundishwa kuunganisha vigae vya chungu. Shahada yangu imepata kazi, ingawa haina mshahara. Mpwa wa bibi, naye fundi wa vyombo, alivuka kutoka Juani kuja kutazama. Alizigeuza, akazigonga, akazipima kwa mkono wake.

“Itajengeka,” akasema. “Ila vipande vilivyovunjika havifai, shangazi. Shetri itatoka fupi.”

Bibi aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, nikaanza kutafuta la kumwambia. Kumbe anacheka, mabega yanamtikisika.

“Tajiri kalipwa,” akasema. “Kachukua ubavu wake.”

Fundi akarudi Juani kutafuta mataruma mapya. Chasi nayo inangoja mtu wa kuichomelea, na haitakwenda Dar kuchomelewa. Kwa sasa kazi yangu ni ya ndoo. Kila alasiri naleta mbili, moja ya bahari kwa ajili ya mbao zisipasuke, moja ya kisima kwa ajili ya kuondoa chumvi kwenye chuma. Bibi anakaa kwenye kigoda na kunisimamia.

“Usichanganye, mke mwenzangu.”

“Sichanganyi, bibi.”

“Hiyo ya kushoto ipi?”

Naionja kwa kidole, mbele yake, kila siku, ili aone.